Bahasha ya Njano

"Umeshachagua?"

Sauti ya bosi wake, Gesche Brodersen, ilimkwaruza sikioni kupitia redio. Hauke Lorenzen alikuwa kwenye ngazi za jengo la matofali karibu na bandari ya Hamburg, bastola ya Walther kwapani, kamera kwenye kifungo cha koti, na hasira ya kuwatosha watu wawili.

"Bado. Nimetoka ghorofa ya tatu, napanda ya nne."

"Saa tano na robo, Hauke. Meli inaondoka saa sita."

Kana kwamba yeye hana saa.

Meli ile ilikuwa imepakia makontena elfu nne. Moja lilibeba vifaa vya kuongozea makombora, ila karatasi za forodha zilisema ni mashine za kuoka mikate. Namba yake iliandikwa kwenye hati moja tu, na hati hiyo ilifichwa kwa wakili ndani ya jengo hili. Ofisi za mawakili zilikuwa mbili. Jaji alikubali kutia sahihi kibali kimoja cha upekuzi, chenye jina moja.

Mwaka jana kule Kiel, Hauke alitaja jina lisilo lenyewe. Boti ikaenda zake na mzigo. Mpaka leo wenzake humwita Bwana Kiel, na amechoka.

Ghorofa ya tatu, alikotoka, ilikuwa ya wakili Asendorf, daktari wa sheria. Mafaili sitini meupe ya kampuni ya Leitz, yamepangwa rafuni sawasawa kama meno ya bandia. Hauke alijifanya mteja, akampa barua yake halisi ya mahakama. Mwenye nyumba anamfukuza. Asendorf alichomoa barua, akaitupa bahasha ya njano kwenye kapu la taka, akapangusa meza.

"Tutaishughulikia," alisema, akamrudishia barua. "Acha namba ya simu."

Safi kabisa. Ilimtia Hauke kinyaa, na hakujua kwa nini.

Akasukuma mlango wa ghorofa ya nne. Uligoma. Nyuma yake kulikuwa na rundo la mafaili.

"Sukuma kwa bega," mwanamke alimwambia kutoka ndani.

Mafaili sakafuni. Mafaili dirishani. Faili moja kitini, chini ya mkate wenye samaki.

"Ndio hao," Gesche alinong'ona. "Mtu mwaminifu hawezi kufanya kazi kwenye jalala. Nimpe jaji jina?"

"Subiri."

"Wewe na subiri zako."

Katibu, Bibi Tiedemann, miwani kwenye paji la uso, alichukua barua, akaigeuza nyuma na mbele.

"Bahasha iko wapi?"

"Bahasha?"

"Ya njano, bwana wee. Tarishi huandika juu yake siku aliyoileta. Siku zako za kujibu zinahesabiwa kutoka hapo. Ulizaliwa wapi wewe?"

"Husum."

"Basi hata Husum wanajua."

Alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akachomoa faili katikati ya rundo. Ndani, kila barua ilibanwa pamoja na bahasha yake ya njano.

Hauke alichukua barua, akarudi ngazini. Kisha alijilaani kimyakimya. Dakika ishirini alikuwa ameduwaa mbele ya rafu nzuri.

"Gesche. Mpe jaji jina la Asendorf."

"Hauke, ofisi ile inang'aa."

"Ametupa bahasha. Hakuna wakili Ujerumani nzima anayetupa bahasha ya njano. Yule si wakili, ni mlinzi wa rafu."

Gesche alikuwa akiifikiria Kiel.

"Ukikosea, mimi sitakutetea."

"Najua."

Saa tano na dakika arobaini na moja, polisi wanne waliingia ghorofa ya tatu na kibali. Asendorf akatabasamu.

"Mafaili sitini, mabwana. Anzeni popote mpendapo."

Zimebaki dakika kumi na tisa. Hauke alitamani kumpiga kibao.

Hakufungua faili hata moja. Alipiga magoti, akaangalia matundu ya mgongoni, yale ya kutia kidole ili kuvuta faili. Matundu hamsini na tisa yaling'aa kama ya dukani.

Moja lilikuwa na alama nyeusi ya kidole.

Akalivuta faili hilo. Asendorf akafungua droo.

"Usijaribu," Hauke alisema. Walther ilikuwa tayari mkononi.

Droo ikafungwa taratibu.

Hauke alifungua faili, akaisoma redioni namba ya kontena kutoka kwenye hati iliyokuwa ndani, mara mbili, polepole. Saa sita kasoro dakika tatu Gesche akajibu.

"Meli imezuiwa. Kontena tunalo." Akakohoa. "Kazi nzuri, Hauke."

Hakumwita Bwana Kiel.

Hauke aliinama kwenye kapu la taka la Asendorf, akakung'uta majani ya chai, akatia kitu mfukoni. Akapanda ngazi, akasukuma mlango kwa bega.

Bibi Tiedemann aliisoma ile bahasha yenye unyevu, akahesabu kwa vidole.

"Siku zako zinaisha leo," alisema. "Toa huo mkate hapo, ukae."