Umande wa Malisho ya Austra

Haya yalitokea nyumba ya pili kutoka kwetu, na aliyenisimulia ni Dzidra mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miezi saba. Yeye alisimuliwa na mama yake, Velga, siku tatu kabla mama huyo hajakata roho. Sikutia chumvi. Chumvi haihitajiki.

Mkesha wa Jāņi, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ndio usiku wa Līgo, na mwaka ule ulianza vizuri. Wasichana walirudi mabondeni na mafungu ya maua na majani, wanaume walisimamisha kilimani mlingoti wenye pipa la lami juu yake, na kila jiko lilinukia jibini. Velga alikaa kizingitini akisuka taji la majani ya mwaloni, kwa sababu mikono haikuwa na jingine la kufanya. Dzidra alilala mapajani pake, mwepesi kuliko lile taji.

Mume wake, Eduards, aliangukiwa na mti msituni mwezi wa pili. Kuanzia siku ile kifua cha Velga kikakauka. Mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya Brūnala, ng'ombe wao wa pekee, kwa kuwa maziwa mengine yote aliyatapika, ya mbuzi, ya jirani, hata uji mwepesi. Mwezi wa tano Brūnala naye akakauka. Daktari alikuja kutoka mjini, akampima mtoto, akasema waendelee kujaribu. Velga aliuona uso wake akisema hivyo, na alijua maana yake.

Mchana alipita Austra, jirani wa ng'ambo ya kijito, amembeba mwanawe Miķelis, mnene kama mkate ulioumuka. Aliweka jibini mezani.

"Njoo kilimani leo, shoga," alisema. "Anayelala usiku wa Līgo husinzia kiangazi kizima."

"Silali tangu mwezi wa pili, Austra. Kusinzia kungekuwa karamu."

"Basi nipe huyu nimpakate kidogo, upumzishe mgongo."

Austra alimpakata Dzidra, akampima uzito kwa mikono. Alimrudisha taratibu. Hakuwa na roho mbaya hata chembe, Austra yule, na hilo ndilo linaloniuma kila nikiisimulia habari hii.

Jioni mama mkwe, Trīne, alifunga mlango akamnong'oneza Velga kitu ambacho alikuwa amekificha miaka arobaini.

"Alfajiri ya Jāņi, kabla jua halijachomoza, buruta shuka la kitani kwenye umande wa malisho ya mwenzio. Ulikamulie ndooni, umnyweshe Brūnala. Maziwa ya kule yatahamia huku."

"Mama, huo ni uchawi."

"Ni uchawi. Unataka mtoto au unataka usafi?" Trīne alimshika kifundo cha mkono. "Nenda peke yako, usitamke neno. Jiwe la katikati ya malisho unalijua. Ukifika pale, geuka. Nusu ya mali ya jirani, Mungu anaweza kufumba jicho. Yote, hapana."

Usiku wa Līgo si usiku hasa. Mbingu haikuzima, ilififia tu. Kilimani pipa liliwaka na watu waliimba kiitikio cha līgo, līgo, na Velga alikaa na mtoto akihesabu pumzi zake. Zilikuwa zikipungua. Anga lilipoanza kupauka alimwacha na Trīne, akachukua shuka, akavuka kijito.

Ukungu ulimfika kiunoni. Alitandaza shuka nyuma yake, akaanza kutembea. Mwanzoni lilikuwa jepesi. Kufika kwenye jiwe lilikuwa linavuta mabega, kana kwamba amelipakia mtu mzima. Aligusa upindo wake. Ule umande ulikuwa na uvuguvugu, wenye joto la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Alisimama kwenye jiwe. Akawaza: nusu itatosha?

Mfa maji haachi kutapatapa. Hakugeuka.

Alipita jiwe. Ng'ombe wanne wa Austra waliinua vichwa kwa pamoja, wakamtazama, wala hawakulia. Alikwenda mpaka ua wa mwisho, akarudi kwa upande wa pili, hakuacha hata ukanda mmoja. Kilimani wimbo ukakatika. Mtoto akalia kule kule. Kisha kilio kikakatika katikati, na waimbaji wakaendelea.

Jua lilipochomoza Brūnala alikuwa amekunywa ndoo nzima. Velga alikaa chini ya tumbo lake, akavuta chuchu bila matumaini. Maziwa yakaja. Yalikuja mpaka ndoo ikafurika, na Dzidra akanywa, akalala, wala hakutapika. Velga alilia kwa furaha mpaka akakosa sauti. Alipopangusa mashavu, mkono ulirudi mkavu.

Siku ya tatu Austra alikuja mbio, nywele wazi.

"Ng'ombe wangu wote wamekauka," alisema. "Nami pia, Velga. Asubuhi ile ile ya Jāņi, pale pale kilimani, mtoto akiwa ananyonya. Maziwa ya wengine anayatapika, yanabaki matone tu. Nimesikia wa kwako ana maziwa."

"Chukua," Velga alisema. "Chukua ndoo nzima."

Alimjazia hadi ukingoni. Saa moja baadaye Austra alirudi. Ndoo ilikuwa tupu.

"Umemwaga njiani?"

"Itazame."

Velga aliingiza mkono. Bati lilikuwa kavu, limepashwa joto, kama lililoanikwa juani siku nzima. Hapakuwa na hata utando wa maziwa. Siku iliyofuata Velga alibeba mwenyewe, akakaza kifuniko kwa kamba. Katikati ya kijito ndoo ikawa nyepesi mkononi. Hakuhitaji kufungua.

Akajaribu chupa. Akajaribu kulowesha mkate. Akajaribu kumleta Miķelis nyumbani kwake anywe hapo hapo zizini. Kinywa cha mtoto kilikuwa kimejaa maziwa, na alipomeza hakumeza kitu. Austra alikuwa akimshukuru kila asubuhi. Kila asubuhi, jamani. Velga aliomba apate ugonjwa wowote utakaomziba masikio.

Mwezi wa nane Trīne alimwita tena pembeni.

"Ulipita jiwe."

"Nilipita."

"Nilijua tangu ndoo ya kwanza." Bibi huyo alikuwa amezeeka ghafla. "Yarudishe maziwa. Lowesha shuka lile lile kwa maziwa ya Brūnala, ukalikamue kwenye malisho yake. Yote yatamrudia."

"Na Dzidra?"

Trīne alilitoa shuka sandukuni, akalikunjua.

"Nimekuuliza, mama. Na Dzidra?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," Trīne alisema. "Mimi nilimzika wangu mwezi wa pili. Usiniulize mimi."

Velga alilowesha shuka. Alikwenda nalo hadi kijitoni, likidondoka matone meupe njia nzima. Ng'ambo aliona mlango wa Austra uko wazi, akasikia kitanda cha mtoto kikibembezwa, gu, gu, gu. Mtoto ndani hakuwa na nguvu ya kulia. Velga aliingiza mguu mmoja majini.

Nyuma yake Dzidra akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha maisha yake, kutoka kizingitini, kwa sababu ya kuku tu.

Velga hakuvuka. Wala hakurudi nyumbani. Alisimama na mguu mmoja majini, hana pa kwenda, mpaka shuka likamkaukia mikononi.

Miķelis alizikwa wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Velga alisaidia kumvalisha. Alimvika soksi za sufu alizomfumia mwenyewe, na mazishini watu walimwona anatikisika mabega huku macho makavu, wakasema maskini, huyu naye kalia mpaka yamemwishia.

Mwaka ukazunguka. Dzidra akawa anatembea, ana mashavu, anaporomosha vikombe. Mkesha wa Jāņi watu walikuja na mataji yao kuimba langoni mwa Velga, kama desturi inavyotaka.

"Jibini la nyumba hii liko wapi?" waliimba kwa utani. "Au panya wamealikwa kabla yetu?"

Velga alitoka na sahani. Mbele ya waimbaji alisimama Austra, amekonda, taji limemshukia hadi nyusi. Alimkumbatia Velga mbele ya wote, akamng'ang'ania.

"Ndoo zile," Austra alimnong'oneza. "Kila asubuhi, hukuchoka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sikupata nafasi ya kukwambia."

Velga alifungua kinywa aseme. Hapo ndipo angeweza kusema. Nyuma yake Dzidra alimvuta sketi, naye akakifunga kinywa.

Usiku ule hakwenda kilimani. Alikaa kitandani na mtoto, dirisha wazi kwa joto. Karibu na mapambazuko alisikia majani yakisuguka nje, polepole. Yalisuguka, yakatulia. Yakasuguka tena. Kitu kilikuwa kinakuja kutoka upande wa kijito, kiko chini sana.

Kikafika chini ya dirisha. Kikatulia hapo.

Velga hakuweza kuvumilia tena.

"Ingia," alisema. "Ingia, mwanangu. Yapo maziwa."

Majani hayakusuguka tena. Jua likachomoza.

Alitoka nje na miguu mitupu. Ua wote ulikuwa mweupe kwa umande. Kutoka kijitoni hadi dirishani palikuwa na njia nyembamba iliyopondwa, na pembeni mwake alama za viganja vidogo na magoti, kushoto, kulia, kushoto, za mtoto anayetambaa. Velga aliweka kidole chake juu ya kiganja kimoja. Kiganja kilikwisha kabla kidole hakijaisha.

Alizifuata alama zile mara mbili, kwenda na kurudi, akiinama. Dzidra ameniapia kwamba mama yake alizitafuta kila Jāņi kwa miaka hamsini na mbili, na kila mwaka alizikuta. Zote zilikuwa za kuja. Za kuondoka hakuwahi kuziona hata moja.