Mtani Aliyeshika Kamba

Mwaka wa hamsini na moja mie na Mwinshehe tulikuwa vibarua wa mitaro huku Temeke. Bomba letu, pana la mtu kutambaa ndani, lilipita chini ya barabara ya Kilwa, kutoka kisima cha Mtoni mpaka bondeni, kutoa maji yanayomwagika wanawake wakichota. Lilikuwa linaziba kila mara. Tulizibua magharibi, foleni ya ndoo ikiisha. Mmoja anaingia na kamba kiunoni, mwenzie anaishika nje. Ukivuta mara mbili, unatolewa.

Mwinshehe Mzaramo, mie Mnyamwezi. Watani! Wiki ile alianua fulana yangu uani huku anacheka. "Nyie si mlikuja pwani mmebeba mizigo ya watu? Fulana ya nini?" Nami nikacheka. Mtani akichukua hajaiba, na ukinuna mshamba ni wewe.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu. Nikatambaa, maji yakinifika viwikoni. Giza. Harufu ya tope... halafu harufu nyingine.

Ubani.

Nani afukize ubani chini ya barabara? Nikapapasa mbele, nikagusa chungu kilichofungwa mdomo kwa kitambaa. Vidole vikakuta kiraka kwenye kitambaa hicho. Mshono wa Yuliana, mke wangu.

Fulana yangu.

Nikavuta kamba mara mbili. Ikaja. Nikavuta tena, ikaja yote, mpaka ncha ikanifikia mkononi.

"Mwinshehe!"

Kisha, mbele kwenye giza... chwa... chwa... chwa... Kitu kinakuja kwa magoti. Mkono mdogo, wa baridi, ukanishika kiwiko.

"Niache," nikanong'ona. "Mke wangu ana mimba."

Ukaniachia.

Papo hapo, bila kusita. Nikarudi kinyumenyume mpaka magoti yakachubuka.

Mwinshehe alikuwa amekaa chini kando ya kisima, analia.

"Umeiachia kamba," nikamwambia.

"Tunu," akasema. Binti yake wa pekee. Siku ya tisa alikuwa na homa, tangu aliposhinda anacheza pale kisimani. "Mganga wa Chanika kasema maji yamemshika, yanataka mtu badala yake. Wa nyumbani kwangu sikuweza, Fransis. Nikaona... wewe mtani."

"Mtani ndio wa kutupa?"

Nilimtukana matusi ya kwao na ya kwetu. Miaka sita tumekula sahani moja! Moyo uliniuma kuliko magoti. Nikaenda kwa wazee wa mtaa nikawaeleza yote, chungu, fulana na kamba. Wakaangua kicheko. "Mtani wako huyo bwana, kakutisha kidogo tu." Nani angenisikiliza? Mtani hashitakiwi.

Nikiwa bado pale, mke wa Mwinshehe akapita mbio anapiga vigelegele. Tunu kaamka. Kaomba uji. Mama yule aliponiona mie, mzima, vigelegele vikamkatikia kooni. Naye alijua.

Nyumbani Yuliana alinishika mkono, akauweka tumboni mwake. Miezi minane ile.

"Baba, tangu magharibi hachezi."

Alizaliwa alfajiri, wa kiume, hana pumzi. Mkunga alimgeuza, akamtazama vidole, akaniita pembeni. "Tope hili kwenye kucha," akanong'ona, "kalitoa wapi?"

Nikavikunja vile vidole, nikamfunika mwanangu.

Sie msiba ukifika, mtani ndiye anayechimba kaburi, na lazima atanie ili wafiwa wapate kupumua. Hakuna wa kumzuia. Mwinshehe alikuja na jembe begani. Nilitaka kumfukuza, wazee wakanishika: haki ya mtani hiyo, Fransis, tulia. Akachimba peke yake, jasho linamtiririka. Watu wakangoja mzaha. Hakutania.

Akashuka kaburini, akanyoosha mikono kumpokea mwanangu. Nikainama kumpa. Midomo yake ikanikaribia sikioni.

"Fransis," akanong'ona, "kule ndani... ulikiambia nini?"