Yasmin na Sindano ya Picha

Yasmin na mume wake, Abdulswamad, ni wakulima wa Mkuyuni. Shamba lao liko mlimani. Wanalima migomba, pilipili manga na mdalasini. Siku ya soko Yasmin hushuka na mzigo wake kwenda kuuza. Wateja wanampenda. Hana maneno mengi, na kipimo chake hakipunji.

Mwaka huu Yasmin alianza kusikia maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu. Homa ilikuja na kuondoka. Akakonda, gauni likawa linampwaya. Alipima malaria, haikuonekana. Mwishowe Abdulswamad alimpeleka hospitali mjini Morogoro.

Daktari alimpima kwa ultrasaundi.

"Mama, ninaona kivuli kwenye ini," alisema. "Sijui bado ni nini. Huenda ni jipu, huenda ni uvimbe. Tunahitaji picha ya CT scan. Utachomwa sindano ya dawa inayoitwa kontrasti. Ina madini joto. Ikiingia kwenye damu, picha inaonekana vizuri zaidi. Njoo keshokutwa."

Yasmin aliitikia tu.

Walifikia Bigwa, kwa Asha, dada wa Abdulswamad. Jioni Asha alikuwa anakuna nazi. Aliposikia habari ya sindano, aliacha kukuna.

"Madini joto? Wifi, si wewe ndiye usiyekula samaki? Samaki wana madini joto. Ukila unatoka vipele. Sasa wanataka kukutia hayo madini kwenye mshipa?"

Yasmin alianza kukusanya nguo zake. Kisha akasema, "Siendi tena. Nirudisheni nyumbani. Kama ni kufa, nife kwangu."

Abdulswamad alitoka nje, akakaa barazani. Ameishi na Yasmin tangu ujana wao. Alijua akikataa jambo habadiliki upesi.

Jirani wa Asha, Kristina, alikuwa anarudi kutoka kazini. Yeye ni mpiga picha za mionzi katika hospitali ile ile.

"Shikamoo, mzee. Mbona umekaa peke yako?"

"Marahaba, binti yangu. Mke wangu amekataa kupigwa picha."

Kristina aliingia ndani, akamwamkia Yasmin na kukaa mkekani karibu yake.

"Najua umeletwa kunishawishi," Yasmin alisema.

"Nimekuja kusikiliza, mama. Niambie unaogopa nini."

Yasmin alimweleza. Kristina hakucheka.

"Watu wengi wanaamini hivyo," alisema. "Lakini samaki hawamdhuru mtu kwa sababu ya madini joto. Hata chumvi ya dukani ina madini joto, na unaila kila siku. Mtu asiyepatana na samaki anaweza kuchomwa sindano hii. Ila niambie, samaki walianza lini kukudhuru?"

"Nilikuwa nakula samaki tangu utotoni. Halafu mwaka mmoja niliumwa figo, nikiwa kwa mdogo wangu Dar es Salaam. Nilitoka hospitali nikanunua samaki wa kukaanga. Hata sijamaliza, mwili mzima ukaanza kuwasha. Vipele vikubwa. Midomo ikavimba. Tangu hapo sigusi samaki."

"Kule hospitali walikufanyia nini?"

Yasmin alifikiri. "Walinipiga picha ya figo. Walinichoma sindano kwanza, nikasikia joto mwilini. Waliniambia nisubiri kidogo. Lakini nilikuwa na njaa, nikaondoka."

"Na tangu siku hiyo hujaonja samaki kabisa?"

"Alionja," Asha alisema. "Kwenye arusi moja hapa Bigwa. Mchuzi ulikuwa na dagaa waliosagwa, hakujua. Tulimwambia akiwa ameshamaliza sahani."

"Ulitoka vipele, mama?"

"Hapana," Yasmin alijibu polepole.

"Basi huenda si samaki," Kristina alisema. "Huenda ni ile sindano. Keshokutwa tungekuuliza kama kuna dawa ya picha iliyowahi kukudhuru. Ungejibu nini?"

"Ningesema hapana. Ningesema ni samaki tu."

"Na sisi tungekuchoma bila kujiandaa. Mwili uliowahi kuikataa dawa hii unaweza kuikataa tena, hata kwa nguvu zaidi."

"Kwa hiyo sitapigwa picha?" Sasa Yasmin aliuliza kama mtu anayeitaka.

"Daktari ataamua. Anaweza kutumia kontrasti ya aina nyingine, na kukupa vidonge vya kukukinga kabla ya sindano. Au atatafuta kipimo kingine. Kuna dawa unayotumia?"

"Vidonge vya sukari."

"Mwambie na hilo. Figo ndizo zinazoitoa kontrasti mwilini, kwa hiyo watapima damu kwanza waone kama ni nzima. Lakini usiache vidonge vyako kwa uamuzi wako. Subiri akuelekeze."

Asubuhi walikwenda kwa daktari, wakamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. Alipima damu, figo zikaonekana nzima. Akachagua kontrasti nyingine na kumpa vidonge vya kunywa kabla.

Siku ya picha, Kristina alimlaza Yasmin mashineni. Daktari alikuwa pale, na dawa za dharura zilikuwa karibu.

"Utasikia joto, mama, kama umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa. Mdomoni utasikia ladha ya chuma. Hayo hupita. Lakini ukiwashwa, koo likibana, au pumzi ikiwa fupi, sema papo hapo. Tunakusikia."

Joto lilikuja. Yasmin alifumba macho akasoma dua. Likapita. Baadaye alikaa akisubiri mpaka aliporuhusiwa. Safari hii hakuondoka mapema. Alikunywa maji kama alivyoelekezwa.

Picha ilionyesha jipu kwenye ini. Halikuwa saratani. Abdulswamad aliposikia, aligeukia ukutani akafuta macho. Madaktari waliingiza mrija mwembamba, wakatoa usaha, wakampa dawa. Homa ikakoma. Hamu ya kula ikarudi.

Siku ya kurudi kliniki, Yasmin aliketi kando ya mzee mmoja, jina lake Stephano. Mzee alikuwa anasubiri kupigwa picha, akishtuka kila mlango wa chumba cha picha ulipofunguliwa.

"Hiyo sindano ya picha, wewe umewahi kuchomwa?" mzee aliuliza.

"Nilichomwa, baba. Nami niliogopa kama wewe."

"Ulifanyaje?"

"Niliwaeleza kila kilichowahi kunidhuru, hata nilichodhani hakihusiani na dawa. Wewe je, kuna sindano au kidonge kilichowahi kukudhuru?"

Mzee Stephano alifikiri. "Kipo kimoja," alisema.

Yasmin aliinuka, akamshika mkono. "Twende tukawaambie kabla hujaitwa."