Pumzi Tatu Kwenye Pua ya Bawa

— Shika pua vizuri, mzee, upepo unapanda.

— Mimi nashika pua za mabawa miaka kumi na tisa. Wewe shika domo lako.

Raghuvir akacheka. Alikuwa amesimama ukingoni pale Billing, mlimani tunakorukia, bawa limemkalia mabegani kama paa lililong'olewa nyumba. Mimi nilikuwa mbele yake, chini kidogo kwenye mteremko, nimekamata nyaya za pua ili upepo usimpindue. Nyuma yetu warukaji wenye miavuli laini walikuwa wamejaa. Bawa gumu, la mabomba, ambalo mtu ananing'inia chini yake kifudifudi kama popo, lilikuwa moja tu siku hiyo, na mwenyewe ni huyu, mtoto wa mwenyekiti wa chama cha warukaji.

— Mzee Bidhia, kabla sijaruka nina neno.

— La upepo?

— La Jamna. Nataka kumuoa. Nimeona nikuombe kwa mdomo wangu kwanza, wazee waje baadaye.

Nikamtazama machoni. Hakukwepa.

— Unajua baba yako alinifanyia nini?

— Najua.

— Basi usirudie. Labda uje uniombe nikiwa nimekufa.

Miaka mitatu nyuma, mke wangu Tripta alibanwa na kifua hapo hapo juu, kwenye kibanda chetu cha chai. Nikampakia kwenye jipu, nikateremka mbio. Kona ya saba nikakuta kizuizi kimeshushwa. Wakubwa wanapanda kufungua mashindano. Nilimpigia magoti mlinzi. Akaniambia amri ya mwenyekiti Harnam, hapiti hata mbuzi. Dakika hamsini. Msafara ulipopita, wote wana maua shingoni, Tripta alikuwa ameshanyamaza. Mwenyekiti hakuja kunipa pole. Hata kutuma mtu hakutuma. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini dakika hamsini najua kuzihesabu.

Na sasa mwanawe anataka binti yangu.

Kwenye kazi yetu kuna kitu kinaitwa kulala. Kabla ya kuruka, mrukaji anajilaza, ananing'inia kwenye mikanda yake, na mshika pua anahakikisha ndoano ya chuma imemshika kwenye bawa. Raghuvir alikuwa ameshalala, nimeshamkagua. Ndipo simu yake ikaita.

— Ni Jamna, akasema, na masikio yakamwiva.

Angeongea na binti yangu mbele yangu? Akafungua ndoano, akatoka chini ya bawa, akasogea pembeni. Jamna mwenyewe alikuwa kibandani, hatua mia chini yetu, nilimuona na simu sikioni.

— Amekataa, nikamsikia Raghuvir. Usilie... Jamna, usilie bwana. Nikitua namuomba tena. Nitamuomba kila siku mpaka achoke.

Akarudi macho mekundu. Akaingia chini ya bawa, akalinyanyua. Redio kiunoni mwangu ikabweka:

"Mwenyekiti hapa! Mgeni rasmi yuko barabarani anapanda. Anataka kuona bawa angani. Ruka sasa hivi!"

— Baba, nipe dakika moja nijipange.

"Hakuna dakika! Bidhia, achia pua!"

— Haya mzee, akasema Raghuvir. Tayari. Achia.

Hapo nikaona.

Mkanda wa bawa ulikuwa unaning'inia mtupu juu ya mgongo wake. Hakujifunga tena. Ile mikanda ya mwilini ilikuwa imembana, kwa hiyo mwenyewe alijihisi amefungwa. Ameshalala mara moja, kichwani mwake kazi imekwisha. Kosa hilo limeua watu wazoefu wengi kuliko wanagenzi. Unakimbia hatua tano, bawa linapaa, na wewe unabaki umeshikilia bomba kwa mikono juu ya bonde, mpaka mikono ichoke.

Hakuna mwingine aliyekuwa anaona. Mimi tu.

Pumzi ya kwanza, nikamuona Tripta kwenye kiti cha jipu. Pumzi ya pili, nikamuona Harnam na maua shingoni. Pumzi ya tatu, nikahisi vidole vyangu vinalegea kwenye waya.

— Mzee? Achia basi!

— Lala, nikasema.

— Nimeshalala, si umeniona?

— Lala tena!

"Bidhia! Hii ni amri, achia pua!"

— Njoo uishike wewe! nikaijibu redio.

Raghuvir akanung'unika, akapiga magoti, akajilaza kama anayemridhisha mzee mkorofi. Hakuning'inia. Alianguka kifudifudi kwenye nyasi, puu! Akageuka akautazama ule mkanda mtupu, uso umemgeuka rangi ya majivu.

— Mzee Bidhia...

— Funga. Kisha lala tena.

Nilidhani ataacha. Alikaa chini, akanywa maji. Kisha akasema asiporuka leo hataruka tena maishani. Akafunga, akalala, nikamkagua mara mbili. Nikaachia. Akakimbia, bawa likapaa, akaelekea magharibi akifuata ukingo wa milima, kule tai wanakozunguka kwenye hewa inayopanda. Alipanga kufika mbali, kuvuka mji wa Palampur, na mimi nimfuate kwa jipu nimrudishe.

Jamna alipanda mbio, akanishika mikono, akaibusu.

— Baba! Umemuokoa! Nimeona kila kitu, baba!

Hakuona kila kitu. Nikamwambia apande jipu tu.

Hatujafika kona ya saba, redio ikatoa sauti ya Raghuvir, ikikatika katika.

"Mzee... nimesukumwa nyuma ya ukingo... hewa inaanguka... natafuta pa..."

Basi. Kimya.

— Raghu! Jamna akaninyang'anya redio. Raghu, jibu! Raghu!

Nilikanyaga mafuta. Kona ya saba, kizuizi chini. Mlinzi mwingine, kofia ile ile.

— Mgeni rasmi anapanda. Amri ya mwenyekiti.

Jamna akashuka, akashika lile bomba la kizuizi kwa mikono yote miwili.

— Kaka, fungua! Mtu ameanguka!

— Dada, mimi nimeajiriwa. Nikifungua nalala njaa.

Nikageuza macho kwenye kiti cha pembeni, nikayarudisha haraka. Simu yangu ikaita. Alikuwa mwenyekiti.

— Bidhia. Unamuona mwanangu?

— Simuoni.

— Usiseme kwenye redio. Wageni wasijue.

— Niko kwenye kizuizi chako, Mwenyekiti. Kona ya saba. Unaikumbuka?

Nikasikia pumzi yake, nzito, ya mtu aliyebanwa.

— Mpe simu mlinzi, akasema.

Kizuizi kikanyanyuka. Simu moja! Tulipita katikati ya msafara wa wakubwa, madereva wao wakitutukana, nami nikiwarudishia. Jamna alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, lakini vilio vyetu havikuwa vya kitu kimoja.

— Kwa mwanawe imechukua dakika moja, nikasema.

— Baba, endesha tu. Tafadhali.

Tulipita mji wa Baijnath. Jamna alituma ujumbe baada ya ujumbe, na kila mmoja ulikaa bila kusomwa. "Uko wapi?" "Jibu hata herufi moja." "Raghu nakuomba." Karibu na Palampur simu yake ikalia. Akaisoma, akapiga yowe, nikadhani ndiyo basi.

— Soma kwa sauti!

— "Niko hai. Nimeangukia shamba la chai. Mkono umevunjika. Njooni haraka, wanawake wananitukana."

Tulimkuta kweli katikati ya michai, bawa limepinda kama mwavuli wa mlevi. Wachuma chai sita wamemzunguka, vikapu mgongoni.

— Mtu mzima anacheza tiara! mmoja alikuwa anamfokea. Michai kumi na miwili umevunja, huna mama wewe?

— Nisamehe, shangazi.

— Usiniite shangazi, nyunyizia maji hiyo michai!

Jamna hakungoja jipu lisimame. Alimkumbatia mbele yangu na mbele ya wale wanawake, na yule mkali akageuza uso akijifanya anachuma majani.

— Mzee, Raghuvir akaniambia, bila wewe leo ningekuwa nimekufa asubuhi, wala si kuvunjika mkono mchana.

— Nyamaza.

— Lazima niseme. Nina deni la...

— Nyamaza nikwambie! Niliona mapema. Mkanda mtupu niliuona uliposema tayari, nikanyamaza. Pumzi tatu. Nilitaka uende.

Kikapu cha mtu kilianguka. Jamna alinitazama kama mtu asiyenijua.

— Baba, unasema nini?

— Umesikia. Vidole vilianza kuachia.

— Pumzi tatu? Na mimi nikakubusu mikono?

— Jamna, ndoano ni ya kwangu, akasema Raghuvir. Kuifunga ni kazi yangu. Yeye alin...

— Wewe usimtetee! Baba, mama angesikia hili angekuambia nini?

Nikasema ukweli.

— Asingeniambia kitu. Angenipiga na mwiko.

Jamna alifungua mdomo anitukane, kikatoka kicheko, na ndani ya kicheko kilio. Akanipiga kifuani na ngumi, mara moja, mara mbili, kisha akabaki ameegemea hapo hapo alipopiga.

— Usinifanyie tena, baba. Bora unikatalie mchana kweupe.

Gari la mwenyekiti likafika. Alishuka peke yake, bila dereva, viatu vyake vya wageni vikizama kwenye tope la shamba. Alimshika mwanawe uso, akamgusa mkono, akaninukia jasho kama mtu yeyote. Kisha akanigeukia, viganja amevikutanisha kifuani.

— Bidhia, sina cha kukushukuru. Omba chochote. Kazi, cheti, chochote.

— Sitaki cheti. Taja jina la mke wangu.

Akafumbua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mwanawe, na Raghuvir alikuwa analijua, nilimuona anataka kulisema.

— Usimsaidie, nikamwambia.

Wachuma chai walikuwa wameacha kuchuma. Mwishowe mwenyekiti akateremsha mikono.

— Silijui, akasema. Aliitwa nani?

Miaka mitatu, hakuna mwenye cheo aliyewahi kuniuliza swali.

— Tripta.

— Tripta, akarudia. Kisha akasema, bila mtu kumuuliza: Mlinzi alinipigia siku ile. Aliniambia kuna mgonjwa. Nikamwambia angoje. Leo nimengoja mimi, saa mbili nzima. Nisingeziweza hizo dakika hamsini zako, Bidhia.

Akakaa chini kwenye tope na suruali yake nzuri. Sikumnyanyua. Nilimwacha akae.

Raghuvir akanisogelea, mkono umefungwa kwa mtandio wa Jamna.

— Mzee, niliahidi nikitua nitakuomba tena.

— Umetua vibaya.

— Nimetua.

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameshika kishikizo cha koti la yule kijana kama anayeogopa atapeperuka.

— Mchukue, nikasema. Ila kuruka, kila siku, wewe ndiye utakayemshikia pua, Jamna. Mimi vidole vyangu sivikopeshi tena.

Walioana mwezi wa pili uliofuata, na karamu ikaliwa kwenye sahani za majani, wakubwa na wachunga kondoo mkeka mmoja. Wale wachuma chai sita walialikwa, na yule mkali ndiye aliyecheza kuliko wote. Wakati wa kula Harnam alikuja na sahani yake, akaomba kukaa karibu yangu. Nikasogea, akakaa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Bidhia amemsamehe mwenyekiti.

Sijamsamehe. Nimempa binti yangu mume anayempenda. Hayo ni mambo mawili, na anayetaka kuyachanganya asije kunywa chai kwangu.