Minyaa Iliyohama

Saa kumi na mbili asubuhi Vumilia alifungua mlango, akakuta ua wa minyaa umehama. Mpaka wa zamani ulikuwa umebaki visiki tu. Miche iliyopandwa upya, ingali inavuja utomvu mweupe, ilikuwa imesogea hadi dirishani kwake. Saa nne hakimu angefika hapa Ibadakuli kukagua mpaka, kabla ya kutamka kama nyumba na kiwanja ni urithi wa marehemu mumewe, Makoye. Ua ukibaki pale, Vumilia na wanawe wangekosa hata njia ya kutokea barabarani. Alilia kwa hasira, kisha akampigia Koplo Scolastika wa kituo cha polisi.

"Ni Amosi huyo," alisema mzee Bartholomeo, jirani, amevaa miwani myeusi. "Ardhi imeangukia upande wake. Matangani si alisema mjane arudi kwao?"

"Nilisema, na hakimu nitamwambia vilevile!" Amosi, mdogo wa marehemu mwenye kiwanja kinachopakana, alifoka. "Ila kiwanja changu nakiuza, nahamia Kagongwa. Ardhi zaidi ya nini?"

Scolastika alipofika hakubabaishwa na kelele. "Mzee, macho yana nini?"

"Vumbi tu, mayu," alijibu mzee, akimwita mama kwa Kisukuma.

Hakimu alipofika, majirani walikuwa wamejaa. Loveness, mwenye kichanga mgongoni, alimsalimia mzee. "Shikamoo. Yale maziwa yamesaidia?"

"Maziwa gani?" Scolastika aligeuka.

"Yangu ya kunyonyesha. Alfajiri alikuja ameshika macho, nikamkamulia kwenye kijiko."

Scolastika alitabasamu. Alikulia kwenye boma la minyaa, alijua anachokisikia.

"Vumbi tunanawa maji, mzee. Maziwa ya mama anayaomba aliyerukiwa na utomvu wa mnyaa. Vua miwani."

Macho yalikuwa yamevimba, mekundu kama nyanya.

"Amosi, kiwanja unamuuzia nani?"

"Huyu huyu!" Amosi alimnyooshea mzee kidole, ameduwaa.

Bartholomeo alinywea. "Nikishakinunua namuuzia mtu wa Geita, naye anataka eneo pana la barabarani," alisema. "Nilijua lawama zitamwangukia Amosi."

Scolastika aliondoka naye kwenda kituoni. Hakimu alifuata visiki vya ua wa zamani kimoja kimoja, na Ijumaa mahakama ilitamka: nyumba na kiwanja, hadi kwenye visiki, ni urithi wa Makoye, na warithi ni Vumilia na wanawe.

Jumamosi Amosi alikuja na panga, amenuna, akaanza kurudisha minyaa mahali pake.

"Kaa mbali, shemeji. Utomvu utakurukia."

Vumilia alishika mche wa kwanza. "Kata tu. Loveness yupo."