Shuka Lililoinuka

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja tu ya maana, na ilikuwa ndogo kuliko kelele za kumkumbusha. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Huyo mtoto angeweza kuongea kuanzia geti la shule mpaka mlangoni kwao bila kumeza mate. Aliishi na shangazi yake, na shangazi alikuwa mwoka mikate. Si ile laini ya kiwandani inayokuja imevishwa nailoni. Hii ilikuwa mikate mizito, yenye ganda gumu linalolia ukilivunja, na utamu wake wote ulianzia kwenye chungu kimoja kidogo chenye mfuniko.

Ndani ya chungu hicho mlikuwa na chachu. Shangazi hakutaka kusikia habari za hamira ya dukani. Donge la unga wa jana ndilo liliumua unga wa leo, na la leo likaumua wa kesho, hivyo hivyo tangu enzi za bibi, na bibi naye alilipokea kwa mama yake. Pale nyumbani donge hilo lilipewa jina kabisa: Mkubwa. "Mkubwa kashakula?" shangazi angeuliza, maana yake limeongezewa unga na maji? Na siku za baridi, likichelewa kuumuka: "Leo Mkubwa kanuna, msimsumbue."

Sasa kazi ya Chiriku. Unga ukishakandwa, kabla haujatiwa chumvi na mafuta, yeye anamega donge la kiasi cha ngumi, analirudisha chunguni, anafunika. Imeisha. Lakini akisahau, unga wote unaingia tanurini, na Mkubwa naye anaokwa humo humo. Na chachu ikishaokwa ni mkate tu kama mkate mwingine. Haiumui tena kitu.

Ijumaa moja alisahau.

Shangazi alikuwa uani akichochea tanuri. Chiriku yuko jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, na dirishani kikatokea kichwa cha binamu yake, yule waliyemwita Miwani.

"We Chiriku! Kamba tunayo, mpaka wa kuizungusha wapo. Unakuja, au umeolewa na huo unga?"

"Nakuja! Msianze bila mimi!"

Akamwaga chumvi, akamwaga mafuta, akakanda mara mbili tatu za haraka haraka, akafunika beseni, huyo, mbio. Aliruka kamba mpaka miguu ikalegea. Aliporudi, harufu ya mkate ilimpokea nje ya mlango, na badala ya kumtia njaa ikamkumbusha Mkubwa. Akaenda kwenye chungu, akainua mfuniko. Kitupu. Michirizi ya unga mkavu ubavuni, basi.

"Mkubwa karudi kwake?" shangazi aliuliza kutoka uani, mgongo umeelekea moto.

"Karudi."

Neno moja tu. Shangazi akageuka, akamtazama, maana Chiriku hakuwa mtu wa neno moja. Kisha akasema, "Haya," akaendelea kutoa mikate.

Shangazi hakuoka Jumamosi, kwa hiyo Mkubwa asingehitajika mpaka Jumapili jioni. Shangazi alipotoka kupeleka mikate kwa wateja, Chiriku akaanza kufunika kosa. Akakisugua kile chungu kwa sabuni na maji ya moto mpaka kikang'aa, ili yale makavu ya zamani yasimsute. Akachanganya unga na maji. Ukawa mwepesi kama uji, akaongeza unga. Ukawa mgumu, akaongeza maji. Ukawa mwepesi tena. Alipopata kitu kinachofanana na Mkubwa, chungu kimejaa na unga mwingine mwingi umebaki kwenye bakuli. Kuumwaga haiwezekani, shangazi angeuona kwenye mtaro hata ungekuwa kijiko. Kuuficha je? Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyetazama.

Chumba cha bibi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Hakikuwa na dirisha, ila tundu dogo juu karibu na dari, na mwanga ulioingia humo ulikuwa wa kijivu, kama umechoka njiani. Chungu cha Mkubwa kilikaa humo, kwenye rafu nyuma ya mlango, na kila mmoja alifungua, akachukua, akafunga, bila kutazama upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na kitanda alichokilalia bibi mpaka siku ya mwisho. Godoro lilishaondolewa. Juu ya mbao za kitanda lilikaa bakuli kubwa la mti, refu kama kitanda cha mtoto mchanga, ambalo bibi alilikandia unga maisha yake yote. Baada ya maziko shangazi alililaza pale, akalifunika shuka jeupe, na tangu hapo yeye anakandia beseni la bati.

Chiriku akarudisha chungu rafuni. Akalinyanyua shuka kwa ncha ya vidole, akamwaga ule unga uliobaki ndani ya bakuli la bibi, akafunika, akanyoosha pembe. Shuka lililala bapa kabisa. Akatoka kinyumenyume, kama mtu anayemuaga mkubwa wake.

Jumamosi alikuwa akifagia ukumbi, akasikia kitu nyuma ya mlango ule.

Pfff.

Polepole, kama mtu anayeshusha pumzi usingizini. Akasimamisha ufagio. Kimya. Akafagia kidogo. Pfff. Akaweka sikio mlangoni, na kwenye upenyo wa chini ikamjia harufu ambayo hakuijua: tamu na chachu kwa pamoja, kama tunda lililosahauliwa mfukoni. Chumba hiki, tangu bibi afe, hakikuwa na harufu yoyote. Aliusimamisha ufagio ukutani, akaenda kukaa uani juani mpaka shangazi akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi."

"Mbona mdomo umeufunga? Leo nyumba nzima nasikia mpaka nzi wakitembea."

Jumapili, darasa la watoto kanisani, mwalimu alikuwa akieleza mifano ya Yesu kuhusu ufalme wa Mungu. Alianza na mbegu ya haradali, akaja kwenye mwanamke aliyechukua chachu kidogo akaificha ndani ya unga mwingi, mpaka wote ukaumuka.

"Nani ataniambia, ufalme wa Mungu unafananaje na chachu?"

"Mwalimu, muulize Chiriku!" Miwani alidakia. "Kwao wanaishi na chachu, tena ina cheo! Inaamkiwa!"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akatazama viatu vyake. Mwalimu akamngoja kidogo, kisha akasema taratibu, "Basi nendeni mkafikiri nyumbani. Kitu kilichofichwa, hakuna anayekiona, na hata hivyo hakiachi kufanya kazi. Wiki ijayo mtanijibu."

Hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo. Lakini Chiriku aliyasikia maneno yale kama ameitwa kwa jina lake.

Jua lilikuwa bado liko juu shangazi alipofunga aproni. "Haya mama, kamlete Mkubwa, tuanze unga wa kesho."

Chiriku akaenda. Miguu yake ilikuwa yake, lakini ilitembea kama imeazimwa. Akafungua mlango, akakitwaa chungu bila kugeuka, akafunua. Ule unga ulikuwa umelala chini, rangi ya majivu, maji yamesimama juu yake kama jicho. Hakuna hata povu moja. Unanuka sabuni.

Pfff.

Sasa ilikuwa nyuma yake, ndani ya chumba. Akageuka.

Shuka lilikuwa limeinuka. Ijumaa aliliacha bapa, na sasa lilikuwa na mwinuko katikati, wa mviringo, kama tumbo la mtu aliyelala chali. Upande mmoja kitambaa kilikuwa kimelowa, na unyevu ule ulikuwa na umbo la kiganja. Alipokuwa bado anatazama, mwinuko ukashuka kidogo, ukatoa ile pumzi, kisha ukaanza kupanda tena, polepole, kwa subira ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Bibi," Chiriku akanong'ona. "Bibi, nisamehe."

Chungu kikamponyoka, kikapasuka. Alifika jikoni bila kujua amefikaje.

"Nini hicho kilichovunjika?"

"Shangazi, bibi ameamka."

"Hebu acha upuuzi."

"Ameamka! Anapumua! Amekasirika kwa sababu nimemuua Mkubwa!" Na maneno yote yaliyokuwa yamekwama tangu Ijumaa yakamwagika kwa mkupuo. "Nilisahau kumega. Nilikimbilia kamba. Nilimuoka, shangazi, watu wamemla! Kile cha chunguni ni unga na maji tu, nilikuchanganyia wewe, nikakwambia karudi, na hakurudi."

Shangazi akakaa juu ya gunia la unga.

"Unajua nilichobakiwa nacho cha mama yangu?" shangazi aliuliza. "Nguo tuligawa. Picha hana. Nilibaki na lile donge. Alikuwa amelishika kwa mikono yake, na mimi nikalishika, nawe ukalishika." Akajipangusa uso kwa aproni, ukabaki na unga. "Na kesho wateja watakuja, nitawapa nini?"

"Sijui, shangazi."

"Hata mimi sijui." Akainuka. "Twende."

"Mimi siendi kule!"

"Utaenda. Hutaniacha niende peke yangu kwa mama yangu."

Wakasimama mlangoni, wameshikana mikono. Chiriku alidhani shangazi angeona hakuna kitu, amkaripie, waishie hapo. Lakini shuka lilikuwa juu zaidi ya alivyoliacha, na likapumua mbele yao wote wawili.

"Mama?" shangazi akaita, kwa sauti ndogo ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia kwake.

Pua yake ikacheza. Akanusa. Akanusa tena, kwa nguvu.

"Hebu subiri kwanza," alisema, akapiga hatua mbili, akalishika shuka, akalivuta.

Lilikuja kwa taabu, likivuta nyuzi ndefu za unga zilizong'ang'ania kitambaa. Chini yake bakuli lote lilikuwa limejaa mpaka mdomoni: unga umevimba, umetoboka matundu, unachemka povu polepole. Povu moja kubwa likapanda, likanyooka, likapasuka mbele ya macho yao. Pfff.

Shangazi alicheka, kisha akalia, kisha vyote vikachanganyika mpaka Chiriku akashindwa kujua ashike kipi.

"Uliweka nini humu?"

"Unga na maji yaliyobaki. Niliyaficha."

"Unga na maji. Basi?"

"Basi. Sikutia chachu, shangazi, naapa. Haikuwepo."

"Ilikuwepo." Shangazi akapitisha kidole kwenye ukingo wa bakuli, penye nyufa nyembamba zilizojaa unga mkavu. "Bibi yako hakuwahi kulipaka hili bakuli sabuni. Alilikwangua tu. Kila unga aliokanda uliacha kidogo ndani ya mti. Chungu ulikisugua kikang'aa, kikafa. Hapa hukupagusa, na Mkubwa alikuwa amelala humu muda wote. Na mimi mpumbavu nikamfunika shuka, nikidhani nimeweka kumbukumbu ya marehemu."

Wakalibeba bakuli wote wawili mpaka jikoni. Shangazi akamwaga unga mpya, akampa Chiriku akande. Wiki nzima, akasema, kamba utaisikia dirishani tu. Chiriku hakubisha. Walipofunika, akawa anainua kitambaa kila dakika kuchungulia.

"Acha. Unauingizia baridi."

"Nitajuaje kama unafanya kazi?"

"Hutajua. Utakula, utalala, utaamka, na wenyewe utakuwa umeumuka. Mwalimu wenu hakuwaambia?"

"Alituuliza ufalme wa Mungu unafananaje na chachu. Sikujibu."

Shangazi akasogeza kigoda. "Watu wakisikia ufalme wanawaza tarumbeta na mfalme kwenye kiti. Yesu yeye akawapeleka jikoni, akawaonyesha mwanamke na unga. Alitaka tuelewe kwamba Mungu hafanyi kazi yake kwa kelele. Anaweka kidogo mahali ambapo hutazami, ndani ya mtu, ndani ya nyumba, hata ndani ya chumba ulichokifunga ukisema hapa pamekwisha. Halafu kinaumuka. Si kwa akili yako wala yangu. Wewe leo hukufanya jambo lolote jema pale, ulikuwa unaficha kosa, na bado tumepata chachu. Hiyo ni neema, usije ukadhani ni ujanja wako."

"Lakini mbona iliniogopesha hivyo? Kama ni kitu chema?"

"Kwa sababu nawe ulikuwa na chako ulichokificha. Uongo nao ni chachu. Ulianza na neno moja, 'Karudi.' Ukakufunga mdomo, ukakunyima usingizi, ukamfufua mpaka marehemu. Moyo wenye uongo ndani ukikutana na kazi ya Mungu, unaona mzuka. Ulipousema, je?"

Chiriku akafikiri. "Mdomo ulifunguka."

"Basi wiki ijayo mjibu mwalimu hivyo hivyo, na usifiche sehemu ya kosa lako ili kuipamba hadithi."

Asubuhi unga ulikuwa umekisukuma kitambaa mpaka juu, na mikate ilitoka mizuri, michachu zaidi kidogo ya kawaida. Wateja waliuliza kimebadilika nini. Chiriku aliwaeleza wote, mmoja mmoja, kuanzia kamba hadi sabuni, mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Walipobaki wawili, akasema, "Shangazi, bado nakiogopa kile chumba."

"Hata mimi," shangazi akasema, akipangusa meza. "Si hofu mbaya hiyo. Mungu akifanya kazi karibu yako na nywele zisikusimame hata kidogo, mwanangu, ujue hujatazama vizuri."