Tangu Wakati wa Uwele

Jumatano tarehe 12 Julai 1995, saa nne asubuhi, muuguzi wa zahanati karibu na Ilongero alimwambia Flora kwamba mwanawe Ritha, mwenye miaka tisa, ameharibiwa na mtu mzima. Kufika saa sita mgambo walikuwa wamekwisha mfunga Deo kamba. Deo alikuwa mnunuzi wa alizeti, mgeni aliyefika mwishoni mwa Juni, na Jumamosi alionekana akimpa Ritha biskuti. Watu wakaona hakuna cha kuuliza tena.

Bibi Dorkas, mjane na mjumbe wa baraza la wazee, yeye aliuliza. Na aliharakisha, maana Chediel, mwalimu wa kwaya na shemeji yake Flora, ambaye Flora na Ritha walikaa kwake, alikwisha tangaza kwamba kesho anahamia Manyoni na atamchukua mtoto, aibu ipoe.

Dorkas alikaa jikoni na Flora na Ritha, wakichambua mlenda. Hakumwuliza mtoto ni nani. Alimwambia tu kwamba hatapigwa. Mlenda ulikaribia kwisha ndipo Ritha akasema si Deo, na kwamba ilianza Aprili, walipokuwa wakifukuza ndege kwenye uwele. Jina hakulitaja. Dorkas akamwomba Flora asimwambie mtu.

Saa kumi, katika ofisi ya mtendaji Alute, mbele ya askari aliyeitwa kutoka mjini, Dorkas alisema mtoto anakana kuwa ni Deo. Mtu mmoja akatania kwamba hata bibi amelainishwa na biskuti.

Chediel akasimama kwa utulivu.

"Shikamoo bibi. Mtoto mkweli husema siku ile ile. Huyu anyamaze tangu wakati wa uwele, leo ndiyo apate mdomo?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa sote tunazungumza habari za Jumamosi. Uwele umeutoa wapi?"

Chediel akasema amekisia tu.

"Nani alilinda uwele na Ritha?" Dorkas akauliza.

"Shemeji," Flora akajibu. "Aliniambia nibaki nyumbani, wawili wanatosha."

Chediel akasema mtoto hakulia hata siku moja, alikula, aliimba kwaya. Walipozidi kumtazama, akamgeukia Flora. "Na leo utalala wapi, shemeji?"

Flora akaelewa. Neno hilo ndilo lililomfunga Ritha mdomo miezi yote: ukisema, mama yako atafukuzwa kwangu.

"Popote," akasema.

Askari akamfungua Deo, akamfunga Chediel.

Walilala kwa Dorkas. Ritha akamwuliza mama yake kama amekosa kwa kuchelewa kusema. Flora akamwambia hapana, akarudia, na akaendelea kurudia mpaka mtoto akasinzia.